Mtaa Usiosomeka

Matokeo ya majaribio yalipotangazwa, mtaa mzima wa Mikongeni ulishangaa, kila mtu akimshangaa mwenzake. Shemeji alikuwa ametabiri kwamba Jumamosi ya uchaguzi Mzee Fulgence Chaula angekuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa asilimia tisini na nne. Mimi, Leokadia Mponzi, ndimi mhandisi niliyepewa dhamana ya Shemeji kwa upande wa pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo asubuhi ile watu walinitazama vibaya kwa mbali, halafu wakifika karibu wananisalimia kwa furaha.

"Hongera, mhandisi," aliniambia fundi cherehani wa kona. "Mashine yenu inafanya kazi vizuri sana."

"Kumbe na wewe unampa Mzee Chaula?"

"Nani, mimi?" Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi nilidhani ni nyinyi."

Jina la serikali la Shemeji ni Mfumo wa Kura Tulivu, lakini jina hilo hulisikii isipokuwa kwenye hotuba. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kimebandikwa juu ya mlango wa sebule ya kila nyumba. Watu walikiita Shemeji tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kilihamia bila kuulizwa, kinasikia kila kitu na hakichangii chochote.

Sheria ilipita baada ya vituo vya kupigia kura kuanza kubaki vitupu. Watu wa Mnara, kule katikati ya jiji, walisema hawana muda wa kupanga foleni, na serikali ikaona bora kura iwafuate nyumbani. Mazungumzo yakigusa uongozi wa mtaa, Shemeji hupima sauti, pumzi, na kile kimya kidogo kinachotangulia jibu. Maneno yenyewe hayatunzi. Hutunza uzito tu, kila mtu mzima na uzito wake, na ikifika saa sita mchana ya siku ya uchaguzi uzito hugeuka kura, huku mwenye kura akiendelea kukaanga samaki wake.

Mashine hii ilifundwa Mnara, maana ndiko wahandisi wanakoishi. Kule Mnara mgombea huongea na kipaza sauti cha mlango, na mlango humjibu: "Sitaki." Au: "Nitakupa." Au: "Usirudi tena." Shemeji akajifunza kwamba ndiyo ni ndiyo, na kwa miaka miwili hakukosea Mnara hata nyumba moja. Wakubwa wakafurahi, wakamleta na huku kwetu.

Sasa huku kwetu Mikongeni, tangu mashamba ya katani yalipokatwa viwanja, hakuna aliyewahi kumkatalia mtu usoni. Mgombea akija anapewa kiti chenye mto, analetewa soda ndani ya glasi, kwenye sinia lenye kitambaa cha kufuma. Anaambiwa tuko pamoja. Kisha anasindikizwa. Na kadiri asivyotakiwa ndivyo anavyosindikizwa mbali zaidi, mpaka lami, mpaka wenyeji wahakikishe kwa macho yao kwamba ameondoka. Mzee Chaula alikuwa amezunguka kila nyumba mara mbili, na kila mara alisindikizwa na ukoo mzima.

Nilikuwa bado nakunywa chai pale mlango wa jikoni uliposukumwa bila hodi. Aliingia Bi Mwantumu Shekilindi, mwenyekiti wa jumuiya ya maji na mgombea mwingine wa uenyekiti, spana mkononi na tope mpaka magotini.

"Leokadia, hata nyumba yangu!" alifoka. "Kundi letu lote la nyumba kumi limempa Chaula, na yangu imo! Nimejinyima kura?"

"Alipokuja kuomba ulimwambia nini, dada?"

"Ningemwambia nini? Nilikuwa nimeinama kwenye pampu. Nikamwambia sawa mzee, nimekuelewa, tuko pamoja, ili anipishe nifanye kazi."

"Ndiyo hiyo sasa."

"Na unajua anachotaka kufanya?"

Nilijua. Kila mtu alijua. Mzee Chaula alitaka kujenga Lango la Karibu Mikongeni, lenye taa za rangi na picha yake juu, na lango halina pa kusimama isipokuwa pale kando ya barabara ambapo kisima chetu kirefu kimechimbwa. Maji, alisema, yatakuja baadaye kwa bomba kutoka mjini. Kwa hiyo asilimia tisini na nne maana yake ilikuwa ndoo, foleni na magonjwa ya tumbo, na mimi nina watoto wawili.

"Rekebisha hicho kidude chako," Bi Mwantumu aliniambia, huku akichukua kiazi changu cha chai na kukila akielekea mlangoni. "Na nipe ngazi yako, nataka kuangalia tangi."

Hakuwa ametembelea nyumba hata moja kuomba kura. Watu ndio walimwendea yeye, kumgombeza kuhusu presha ya maji, na yeye akawagombeza vilevile, na presha ikapanda. Shemeji alisikia magomvi yote hayo na kuyahesabu kuwa chuki.

*

Mchana ule mkurugenzi wa uchaguzi, Bwana Novatus Kamugisha, alinitembelea kwa kivuli. Watu wa Mnara hawaji pembezoni na miili yao. Huwasha mtambo ofisini, na vivuli vyao vinachomoza sebuleni kwako vikiwa na tai. Cha Kamugisha kilitokea katikati ya beseni la nyanya la mama mkwe wangu, Bi Generosa, na kikabaki hapo.

"Mhandisi, magazeti yananipigia," alisema. "Watu wa Mikongeni wenyewe wanasema hawajamchagua waliyemchagua. Tatizo ni nini?"

"Tatizo ni adabu, bosi."

Nilimweleza. Nilimwambia mimi mwenyewe ni mtoto wa Mnara niliyeolewa huku, na kwamba mwaka wangu wa kwanza nilinyweshwa soda kwenye glasi kila siku na kuitwa binti mzuri, nikawa nampigia mama yangu simu kumwambia ninapendwa mno. Mpaka siku moja Bi Generosa alinisukumia sinia la viazi na kuniambia, "Menya, unakaa kaa tu hapo kama picha." Siku hiyo ndiyo nilipokelewa. Nilimenya nikilia kwa furaha na mume wangu akadhani ni vitunguu.

"Kwa hiyo wanayempa soda hawamtaki, na wanayemgombeza wanamtaka," alisema Kamugisha taratibu.

"Kwa kifupi, ndiyo."

Wakati huohuo Bi Generosa aliingia na sinia, kitambaa cha kufuma juu yake, na glasi ya soda ya machungwa ikitoa mapovu. Aliiweka kwa heshima zote mbele ya kivuli, ambacho hakina mdomo wa kunywea. "Karibu sana, baba. Jisikie nyumbani."

Kamugisha aliitazama ile soda kwa muda.

"Mfundishe Shemeji," aliniambia mwishoni. "Mfundishe kutofautisha ndiyo ya kweli na ndiyo ya kumfukuzia mgeni. Ukimaliza, weka dole gumba lako kwenye mfumo, nami nitaisambaza kwa nyumba zote kabla ya Jumamosi. Na matokeo tutayatoa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kama sheria inavyotaka, ili kila mgombea ajue alipopendwa na alipokataliwa."

Kivuli kikazimika. Bi Generosa akachukua soda, akainywa mwenyewe.

*

Kumfundisha haikuwa kazi ngumu. Nilibandika Shemeji wa majaribio juu ya mlango wetu. Wa kawaida hukaa kimya, lakini wa majaribio husema, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ni asilimia ngapi ya alichosikia imetoka moyoni. Nilimlisha salamu, pole, hongera na karibu za jirani zangu walionipa ruhusa, nikimwonyesha ipi ni ipi. Jumatano alikuwa anababaisha. Alhamisi asubuhi alikuwa hatari.

"Uji wako mtamu, Mama," nilimwambia Bi Generosa.

"Asilimia kumi na tisa," alisema Shemeji.

Bi Generosa aliinua uso. "Anasema nini?"

"Anahesabu joto, Mama."

"Asilimia moja."

Nikaenda kutafuta ngazi ili nimzime, nikakumbuka ngazi ipo kwa Bi Mwantumu. Mimi ni mfupi, na milango ya Mikongeni ni mirefu. Nilikuwa bado naburuta meza kuelekea mlangoni pale Mzee Chaula alipopiga hodi. Ni kaka wa damu wa Bi Generosa, mjomba wa mume wangu, na kila Alhamisi hula kwetu. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa aliyoshonesha kwa ajili ya kuapishwa.

Nilimtolea Bi Generosa macho nikimwomba asiseme kitu. Akadhani namkumbusha mboga.

Tulikula. Mjomba alieleza habari za lango lake, jinsi taa zitakavyobadilika rangi kwa sikukuu na picha yake itakavyotabasamu mtu akipita. Tulitikisa vichwa tu, na kichwa hakipimwi. Kisha akaweka kijiko chini.

"Dada," alisema, "keshokutwa niko na wewe?"

"Asilimia mia, kaka yangu!"

"Asilimia nne," alisema Shemeji.

Mjomba alitazama nyuma ya kiti chake.

"Nani huyo?" aliuliza Mjomba.

"Ni betri, mjomba," nilisema. "Zikiisha huwa anaropoka."

"Asilimia mbili."

Mzee Chaula ana mambo yake, lakini si mjinga. Alikigeukia kile kidude. Akakohoa, akasema kwa sauti ya jukwaani, "Maharage ya dada yangu hayana mfano."

"Asilimia tisini na nane."

"Aha." Akainyoosha tai yake. "Mimi nagombea kwa ajili ya wananchi."

"Asilimia sitini."

"Sitini!" Alinitazama akiwa amefurahi kweli, na ninakiri hata mimi nilishangaa, nilimkadiria thelathini. Kisha furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaelewa mashine inafanya nini. Akamgeukia tena dada yake, na safari hii aliuliza polepole.

"Generosa. Utanipa kura?"

Bi Generosa alishika bakuli la wali kwa mikono miwili. "Kula, kaka. Chakula kinapoa."

"Asilimia tisini na tisa," alisema Shemeji.

Mjomba alikula vijiko viwili vingine, kwa heshima. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti. Bi Generosa akainuka kumsindikiza, naye akamzuia kwa kiganja. "Naijua njia," alisema. Tulimwona dirishani akitembea peke yake na suti yake nyeupe, akijibu salamu za watu kwa kutazama chini, na moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia kuumia kwa ajili ya mtu anayetaka kuniondolea maji.

*

"Umeleta nini ndani ya nyumba yangu?" Bi Generosa aliniuliza. Hakupaza sauti, ndiyo maana niliogopa.

"Mama, mashine imesema kweli tu."

"Nani alikuomba kweli? Huyu ni kaka yangu. Aliacha shule ili mimi nisome. Miaka yote namdanganya kwa upendo, ananidanganya kwa upendo, tunazeeka vizuri. Wewe umenivua nguo mbele yake kwa betri!"

"Lakini wewe mwenyewe unataka Bi Mwantumu ashinde."

"Nataka pampu ibaki."

"Basi si lazima mjomba akose?"

"Akose, ndiyo! Lakini asikose kwangu. Akose huko." Akapunga mkono kuelekea mtaa mzima, nyumba zote ambazo ndani yake, muda huo, kila mtu alikuwa anataka vivyo hivyo.

Nilikaa chini. Nilikuwa na mashine mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa inasikia adabu na kuiita kura, na ikiachwa hivyo Jumamosi kisima kinafukiwa. Ya pili ilikuwa inasikia kweli, na ikisambazwa kisima kinapona, lakini Jumapili asubuhi Mzee Chaula anasoma kwenye ubao, nyumba kumi kwa nyumba kumi, kwamba hakuna aliyewahi kumpenda. Na baada yake wengine, maana mashine inayoijua ndiyo ya kweli haitaishia kwenye kura, wala haitaachwa ikae kimya. Mchungaji atajua. Wakwe watajua. Mtoto atakayemwambia bibi yake zawadi ni nzuri atapewa asilimia zake palepale. Hakuna mtu Mikongeni angeweza tena kumkaribisha mwenzake bila kutetemeka.

"Nataka maji," alisema Bi Generosa, sasa akilia waziwazi, "na kaka yangu namtaka."

"Huwezi kupata vyote, Mama."

"Kwa nini nisipate? Zamani tulipata. Nilikuwa msichana. Unaingia nyuma ya pazia, unaweka alama yako, hakuna anayekuona, hata Mungu anageuka kidogo. Halafu unatoka nje unamkumbatia yule uliyemnyima. Ndiyo ilikuwa kazi ya pazia!"

Nilifungua sheria ya Kura Tulivu kwenye simu. Kulikuwa na kifungu kimoja cha mwisho kabisa, kilichotungwa kwa ajili ya vijiji vya milimani ambako mitambo haishiki mawimbi. Mtaa ambao mhandisi wake atathibitisha kwamba hausomeki, utapiga kura kwa karatasi. Na mhandisi huyo, kwa kuwa ameshindwa, atanyang'anywa leseni.

*

"Lakini hujashindwa!" Kivuli cha Kamugisha kilikuwa kimesimama safari hii ndani ya kochi. "Nimeona takwimu. Mashine yako mpya ina usahihi wa tisini na saba kwa mia. Hakuna aliyefika hapo, hata Mnara!"

"Inasikia vizuri, bosi. Lakini inasikia kitu ambacho hawakumpa mtu yeyote."

"Kura ni kura."

"Kura ya Mnara ni neno analosema mtu mlangoni. Ya huku ni neno asilosema. Ukilichukua kwa nguvu na kulibandika ubaoni, umepata takwimu, lakini yeye umemwibia."

Alivuta pumzi, akalainisha sauti. "Leokadia, nisikilize. Sisi ofisini tunawajali sana watu wa Mikongeni."

"Asilimia kumi na moja," alisema Shemeji juu ya mlango.

Kivuli kilitazama juu, kisha kikanitazama. "Na wewe binafsi ninakuheshimu kama mhandisi."

"Asilimia arobaini na mbili."

"Si mbaya," nilimwambia, na nilimaanisha.

Bi Generosa aliingia na sinia. "Karibu tena, baba, tulikuwa tumekukumbuka."

"Asilimia tatu."

"Kizimeni hicho kitu!" alipiga kelele Kamugisha.

"Kwa nini, bosi?"

"Kwa sababu tunazungumza! Mtu hawezi kuzungumza namna hii!"

Bi Generosa alibaki amesimama na soda yake. Kamugisha alitusubiri, kisha akasikia mwenyewe alichokuwa amesema. Nilimwona akishusha mabega. Alikuwa mtu wa kazi yake, si mtu mbaya, na nadhani hakuna aliyewahi kumpima kabla ya siku ile.

"Ukiweka dole hapo," alisema baadaye, "utakuwa mhandisi wa kwanza nchini kushindwa na mtaa. Mashine zote zitatolewa mikononi mwako. Nitakachoweza kukupa ni taa za barabarani."

Niliipenda kazi ile. Niliisomea miaka mingi, na ile tisini na saba ilikuwa kitu kizuri zaidi nilichowahi kutengeneza kwa mikono yangu. Nataka ijulikane kwamba nilijuta hata kabla ya kidole kugusa kioo. Kisha nikakigusa, na kwenye ramani ya jiji, mtaa wa Mikongeni ukageuka kijivu.

*

Jumamosi watu walipanga foleni tangu alfajiri, vijana wakiwauliza wazee foleni inapangwaje. Pazia lilikuwa kitenge cha Bi Generosa kilichofungwa kati ya nguzo mbili za shule. Bi Mwantumu alipiga kura haraka akarudi kwenye pampu. Mzee Chaula alisimama nje ya geti siku nzima na suti yake, akishikana mikono, na kila aliyetoka nyuma ya pazia alimkumbatia.

Bi Mwantumu alishinda kwa kura mia saba na kitu. Mzee Chaula alipata kumi na moja.

Wiki iliyofuata nilikuwa juu ya ngazi, nikibadilisha taa mbele ya duka la fundi cherehani, niliposikia ngazi imeshikwa chini. Nikatazama. Alikuwa Mjomba, amevaa fulana ya kawaida, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili ili isiyumbe. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya yale maharage.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea, endelea. Mimi napita tu kuwashukuru wapiga kura wangu."

"Pole kwa matokeo."

"Kumi na moja," alisema. "Si haba. Nimeanzia nyumba za kule juu, nikapita kwa dada Generosa, nikaja na mstari huu. Kila nyumba wananiambia, mzee, sisi tulikupa, sijui wenzetu wamefanya nini. Mpaka sasa nimeshawashukuru watu arobaini na sita."

Aliniinulia uso. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa na machozi, na alikuwa anajua kila kitu. Nilitazama huku na huku. Palikuwa na nguzo, waya na taa, na hakuna chochote cha kutusikiliza.

"Na mimi nilikupa, mjomba," nilisema.

"Nilijua tu," alisema, akakaza mikono kwenye ngazi. "Asante sana, mwanangu. Arobaini na saba."